Mvua ya Igoma Hainyeshi Jumamosi

Ukiiacha barabara ya Musoma pale Igoma, ukawapita mafundi wanaochomelea mageti na mama anayetandika mashuka ya mtumba juu ya turubai, utakutana na jiwe kubwa kama nyumba ya vyumba vitatu, limepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Alama hiyo ni amri. Jiwe lilipewa siku thelathini kujibomoa lenyewe, kwa gharama zake, lipishe upanuzi wa barabara. Huu ni mwaka wa nne, jiwe halijakata rufaa wala halijaondoka. Kwenye kivuli chake cha asubuhi ndipo kilipo kijiwe: kiti cha nyuma cha basi lililokwisha kufa, ubao mmoja, na jiko la mkaa la Kija, muuza kahawa. Wa kudumu ni watatu. Kuna Mayala, fundi bomba, aitwaye Presha kwa sababu kila tatizo la dunia hii analieleza kwa presha ya maji. Kuna Gidion, aitwaye Kamati, aliyekwisha kuwa mwenyekiti wa kamati za harusi arobaini na moja na mwenyewe bado hajaoa. Na kuna Mwalimu Yeremia, mstaafu wa somo la jiografia, aitwaye Milimita, ambaye huja kwenye kijiwe cha kahawa kila siku isipokuwa Jumamosi na hanywi kahawa. Ni Msabato, tena mzee wa kanisa. Kija humwekea chupa yake ya mchaichai pembeni, kama dawa ya mgonjwa.

Jumatano hiyo Mwalimu Yeremia alipofika, alikuta barua yake imeshafunguliwa. Tarishi wa serikali ya mtaa alikuwa ameiacha kwa Kija, kwa kuwa mtaa mzima unajua Mwalimu anapatikana wapi, na Kamati, ambaye kila bahasha kwake ni kadi ya mchango, aliichana kabla hajasoma jina.

— Shikamoo Mwalimu, — alisema Kamati, karatasi mkononi. — Samahani, nilidhani ni harusi. Kumbe umeshtakiwa.

— Marahaba. Nimeshtakiwa na nani?

— Na mvua.

— Isome, — alisema Kija. — Isome kwa sauti, tena uanze na namba ya kumbukumbu. Barua bila kumbukumbu namba haina uchungu.

Kamati alisimama. Alisoma namba ya kumbukumbu, mikwaju yote, kisha akaendelea kwa sauti anayotumia kutangaza wageni wa meza kuu:

— “Yah: Kutonyesha kwa mvua siku za Jumamosi katika kituo chako. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ofisi inaunganisha vipimo vya ardhini na takwimu za satelaiti ili kupata kumbukumbu ya muda mrefu ya mvua kwa kanda ya ziwa. Katika zoezi hilo imebainika kuwa kwa miaka thelathini kituo chako kimeripoti sifuri siku za Jumamosi, ilhali satelaiti inaonyesha mvua. Kwa barua hii unatakiwa kutoa maelezo ya kuridhisha. Maelezo yasipopatikana, takwimu zote za kituo zitaondolewa kwenye kumbukumbu. Afisa atafika Jumatano saa nne asubuhi. Nakutakia kazi njema.”

— Kazi njema kwa mstaafu! — alicheka Presha. — Jumatano ipi hiyo?

Kamati alitazama tarehe. Barua ilikuwa imeandikwa wiki tatu zilizopita, na tarehe ya ugeni ilikuwa chini ya sahihi.

— Hii ya leo.

Mwalimu Yeremia alikaa. Aliupokea mchaichai, akaushika kwa mikono miwili, hakuunywa. “Zitaondolewa.” Kopo lilikuwa uani kwake tangu mwaka tisini, siku ambazo Igoma ilikuwa bado mashamba ya mihogo: kopo la bati lenye faneli juu, chupa ndani, na silinda ya kioo ya kupimia. Kila siku saa tatu asubuhi alimimina, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, akaandika kwenye fomu. Miaka thelathini, hadi ofisi ilipoweka chombo kinachojipima chenyewe mahali pengine na kumwandikia barua ya shukrani yenye jina la mtu mwingine. Kati ya mjini na Magu, kwa miaka hiyo yote, hapakuwa na kopo jingine upande huu. Hizo fomu ndizo alizoacha duniani. Wenzake wameacha magorofa.

Na sababu ya Jumamosi aliijua. Alikuwa anaijua kila Jumamosi, tangu ya kwanza.

— Mimi nitaeleza, — alisema Kamati, akijiweka sawa kitini. — Hili ni jambo dogo. Jumamosi ni siku ya nini Mwanza?

— Ya mnada, — alisema Kija.

— Ya harusi! Kuanzia Nyakato mpaka Mkuyuni, kumbi zote zimejaa, na nusu ya sherehe ziko wazi, turubai limeshonwa kwa matumaini. Sasa nawaambia kitu ambacho hakitoki hapa. Kwenye kila bajeti ya harusi niliyosimamia kulikuwa na kipengele kinaitwa Dharura. Mlidhani dharura ni nini?

— Jenereta.

— Mzee wa kufunga mvua! Kila kamati ina wake. Sasa piga hesabu: Jumamosi moja harusi ishirini, wazee ishirini, kila mmoja anafunga kwa upande wake. Mvua itapita wapi? Miaka thelathini! Satelaiti inaona wingu limekuja, sawa, limekuja. Limefika, limekuta kamati, limegeuka.

— Harusi ya binti wa Mashimba mbona keki ilielea? — aliuliza Kija.

— Ile ilikuwa Alhamisi. Walikataa ushauri.

Presha alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza bomba linalovuja ukutani.

— Kamati, wewe unaongelea uchawi, huyo afisa ataongelea sayansi. Jumamosi watu wa Mwanza wanafanya nini? Wanafua. Mji mzima! Panda juu ya jiwe hili Jumamosi uangalie: kamba, kamba, kamba. Nguo zimechukua maji bombani, presha imeshuka chini. Presha ikishuka chini, ya juu inabaki imening'inia, haina wa kuivuta. Ndiyo maana wingu lipo na maji hayaji. Satelaiti haijadanganya, na kopo la Mwalimu halijadanganya. Waliokosea ni wafuaji.

— Kwa hiyo tusifue?

— Tufue kwa zamu. Igoma Jumatatu, Nyakato Jumanne. Niliwahi kumwambia diwani, akasema niandike andiko.

— Nyie wote mnaitetea satelaiti kana kwamba ni shemeji yenu, — alisema Kija, akichochea makaa. — Hebu niulize. Satelaiti ni ya nani?

— Ya Wazungu.

— Wazungu Jumamosi wanafanya kazi?

Kamati aliinua kikombe kwa heshima ya hoja.

— Haya, — aliendelea Kija. — Jumamosi ile satelaiti imezimwa, imefunikwa na turubai lake huko juu. Jumatatu bosi anauliza: za Jumamosi ziko wapi? Inafanyaje? Inabuni! “Igoma mvua.” Basi. Nawajua watu wa namna hiyo. Mtu hafanyi kazi Jumamosi, halafu mwisho wa mwezi anatia sahihi kwamba kafanya kazi siku zote, macho makavu.

Mchaichai ulimpitia Mwalimu Yeremia njia isiyo yake. Alikohoa mpaka machozi, na Presha akampiga mgongoni kwa mkono uliozoea kuzibua mabomba.

— Pole Mwalimu. Hata mimi uongo wa satelaiti umenikera.

Mwalimu alifuta macho. Pale chini ya kila fomu, kila mwisho wa mwezi, kulikuwa na maneno yaliyochapwa: *Nathibitisha kuwa nimepima mvua kila siku saa tatu asubuhi.* Na chini yake, sahihi yake, yenye mkia mzuri wa Y. Kwa ajili ya kuishika amri moja, alikuwa ameivunja nyingine mara mia tatu na sitini, kwa wino wa bluu. Akisema, watamcheka mpaka Krismasi, na fomu zitatupwa kwa sababu mpimaji alikuwa mwongo. Asiposema, zitatupwa kwa sababu mpimaji hakuwa na maelezo. Alitafuta njia ya tatu, kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni pake.

Saa nne na robo bodaboda ilisimama mbele ya jiwe. Alishuka dada mmoja wa miaka thelathini hivi, mkoba begani, kishikwambi cha serikali mkononi kikiwa bado na nailoni yake ya dukani. Aliitazama ile X nyekundu, akawatazama waliokaa chini yake.

— Shikamooni. Naitwa Paskazia, natoka ofisi ya mvua. Namtafuta Mwalimu Yeremia, mpimaji.

— Marahaba, karibu afisa, — alisema Kamati na kumpisha kwenye kiti cha basi. — Maelezo yako tayari. Tumeyagawa katika sehemu tatu.

Wakamweleza. Kamati alieleza kufunga mvua, na kwa kuwa sasa kulikuwa na mgeni, wazee ishirini wakawa arobaini. Presha alichora kamba ya nguo mchangani na mshale wa presha ukishuka. Kija alieleza turubai la satelaiti huku akimmiminia kahawa na kumpa vipande viwili vya kashata, bure, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Paskazia alisikiliza hadi mwisho. Hakuandika hata neno.

— Nashukuru sana, — alisema. — Mimi nina swali dogo tu. Jumamosi, saa tatu asubuhi, mpimaji alikuwa wapi?

Kamati alimtazama Presha, Presha akamtazama Kija, Kija akaitazama ile chupa ya mchaichai. Miaka yote hiyo walikuwa wamekaa naye bega kwa bega siku sita za juma, na siku ya saba kiti chake kikawa kitupu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitumia habari hiyo kwa kazi yoyote.

Mwalimu Yeremia aliiweka bilauri chini.

— Kanisani, — alisema. — Nilikuwa kanisani. Jumamosi sikupima hata moja. Mvua ya Jumamosi niliikuta chupani Jumapili, nikaipima pamoja na ya Jumapili. Lakini sikuandika sifuri, mwanangu. Fomu ilisema mpimaji asiache nafasi wazi, basi nikachora kistari. Kistari si sifuri.

— Kistari si sifuri, — alikubali Paskazia. — Ila aliyeziingiza kwenye kompyuta alikuwa mtu mwenye haraka, na mashine yake ilikuwa inakataa kistari. Ikakubali sifuri.

— Ngoja kwanza, — alisema Presha, akisimama polepole. — Ngoja. Mwalimu. Na ile sahihi ya kila mwisho wa mwezi uliyokuwa unatuonyesha darasani? “Tazameni, watoto, uaminifu”?

— Niliitia.

— Darasa la sita ulinichapa nne kwa kuandika nimefanya zoezi la ramani ambalo sikulifanya!

— Nilikuchapa tatu.

— Nne! Ya nne ulisema ni ya kuzungusha macho!

Kijiwe kilipasuka. Kamati alicheka hadi akashika jiwe, Kija akafunika uso na kitambaa cha kushikia birika, na Presha, mwenye haki ya kukasirika, alicheka kuliko wote, akidai viboko vyake virudishwe kwa maandishi na kumbukumbu namba. Hata Mwalimu Yeremia alijikuta mabega yanatikisika. Aliogopa kicheko hiki miaka thelathini na mitano, na sasa kimefika na hakuna mfupa uliovunjika. Lakini kilipotulia, aligeuka kwa Paskazia, na uso wake haukuwa na mzaha.

— Kwa hiyo mnazitupa.

— Nitupe nini?

— Fomu.

— Mwalimu, tungezitupa kama ungeniambia habari za harusi. — Paskazia aliondoa nailoni ya kishikwambi kwenye kona moja ili aone vizuri. — Nikueleze. Satelaiti haioni mvua. Inaona wingu kutoka juu, inaona jinsi kilele chake kilivyo baridi, halafu inakisia. Mahali pengine inakisia vizuri. Hapa kwetu ziwa linaichezea. Wingu refu la kutisha linapita halina kitu, na kijiwingu kifupi cha alfajiri kinatoka ziwani kinatulowesha mpaka ndani. Satelaiti ipo kila mahali na kila siku, ila kiasi cha mvua haikijui sawasawa. Kopo lako linakijua kiasi kwa nukta, ila lipo Igoma peke yake. Tunaoanisha. Pale penye kopo tunaisahihisha satelaiti, halafu tunajifunza jinsi ya kuiamini pale pasipo na kopo. Upande huu wote hadi Magu, miaka thelathini, tunaye wewe tu.

— Na Jumapili zangu za siku mbili?

— Ndiyo raha yenyewe! Kumbe sasa najua ni za siku mbili. Umeandika Jumapili milimita arobaini. Satelaiti inasema wingu kubwa lilikuwa kati ya Ijumaa na Jumamosi, Jumamosi jioni kulikuwa kweupe. Basi nazigawa. Satelaiti inajua lini, wewe unajua kiasi gani. Nilichokuwa nakosa ni mtu wa kuniambia ukweli na kutia sahihi.

— Sahihi tena! — alisema Kamati.

— Hii ataisoma kwanza, — alisema Presha.

Paskazia aliandika maelezo kwenye kishikwambi, Mwalimu akayasoma mara mbili, akatia sahihi kwa kidole. Mkia wa Y haukukosekana. Kija alitangaza kikombe cha pili kwa wote kwa heshima ya Jumamosi elfu moja na mia tano zilizopatikana, na Kamati akaanza kuunda kamati ya kuzipongeza, akijipendekeza kuwa mwenyekiti.

— Samahani, — alisema Paskazia. — Kuna kitu kimoja bado. Nimezipitia fomu halisi, picha zake ninazo hapa. Jumamosi zote zina kistari. Isipokuwa moja.

— Haiwezekani, — alisema Kamati. — Kasema mwenyewe hakupima hata moja.

— Tarehe kumi na saba, Januari, tisini na nane. Ile mvua ya El Nino. Milimita tisini na nne nukta mbili. — Alikigeuza kishikwambi ili Mwalimu aone. — Tena mwandiko si wako. Tazama hiyo nne, imefungwa juu. Zako zote ziko wazi. Nani alipima?

Kamati na Presha waliinama juu ya ile picha. Walimtazama Mwalimu, wakarudi kwenye picha.

Mwalimu Yeremia hakuhitaji kuinama. Aliikumbuka Jumapili ile. Alitoka kwenda uani na silinda yake akiwa na uhakika kwamba chupa imefurika, kopo limefurika, na kwamba mvua kubwa kuliko zote alizowahi kuwa nayo imemwagikia mihogoni bila kuhesabiwa. Akakuta chupa ina maji kidogo tu ya usiku, na kwenye fomu, nafasi ya Jumamosi, tarakimu zimeandikwa taratibu kama za mtu anayepamba keki. Jumamosi ile mtoto wao wa mwisho alikuwa na homa, na mama yake alibaki nyumbani. Mama yake, mwimbaji wa sauti ya pili, ambaye siku ya Sabato haokoti hata kijiko kilichoanguka kabla jua halijazama. Mwalimu aliziona zile tarakimu, akaingia ndani, akanywa uji. Mkewe akamwongezea maziwa. Hakuuliza, hakuambiwa, na mwisho wa mwezi akaipeleka fomu.

— Mke wangu, — alisema. — Roza.

— Bi Roza alipima Sabato? — Kija alinong'ona, kama vile mzee mwingine wa kanisa angeweza kuwa nyuma ya jiwe.

— Ndiyo mvua kubwa kuliko zote kwenye kituo chako, — alisema Paskazia. — Satelaiti siku ile ilisema thelathini na moja. Bila namba hii tungeamini thelathini na moja. — Alianza kuandika, akasita. — Fomu ina nafasi ya mpimaji mmoja tu.

— Ongeza mstari, — alisema Mwalimu Yeremia.

— Utaratibu hauruhusu kuongeza mstari.

— Binti yangu, utaratibu haukuruhusu kistari pia, na tumefika.

Paskazia alicheka, akaongeza mstari. Mwalimu alisubiri mpaka jina lilipoandikwa lote, akalisoma kwenye kioo cha kishikwambi, kisha akanyanyuka, akajikung'uta suruali na kuvaa kofia.

— Unakwenda wapi? — aliuliza Kija. — Mchaichai umebaki nusu chupa, na sherehe ndiyo kwanza inaanza.

— Nyumbani. Kuna jambo nataka kumuuliza mtu. Nimelichelewesha miaka ishirini na saba.

— Unataka kumuuliza kwa nini alipima? — alisema Presha.

— Kwa nini najua.

— Sasa unamuuliza nini?

Mwalimu Yeremia alikuwa ameshafika kwenye mashuka ya mtumba. Aligeuka, mkono juu ya kofia.

— Kama alilowa.